Tivii ya Irine, Kabati la Ezekia

Njombe,
6 Aprili 2024

Irine,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu umeifungia tangu siku ya mgawo wa vitu vya marehemu baba, na mimi si mtu wa kuazima simu ya jirani ili nikatukanwe humo. Brayson, konda wa Coaster ya asubuhi, atakukabidhi gunia la viazi, na barua hii utaikuta juu ya viazi. Viazi ni vya mama, vimetoka shambani Iwawa. Barua ni yangu. Usichanganye shukrani.

Nimeambiwa unachokisema. Unakaa kwenye kibanda chako cha kuuza balbu na kutengeneza redio hapo Makambako, unawaambia wateja kwamba gemu la baba limeishia mikononi mwa mtu anayejua kupiga misumari tu, na kwamba halitasimama tena mpaka uliguse wewe. Nimecheka. Mimi ninayeweka milango kwenye nyumba za watu wa Njombe, ninayetengeneza vitanda vya maharusi na madawati ya shule, nishindwe na sanduku la kuchezea?

Kwa taarifa yako nimeshaanza. Nimelitoa nyuma ya karakana nikaliingiza ndani. Ubavu mmoja umeoza kwa mvua na kuvimba kama mkate uliolowa chai. Chini panya wamekula. Mlango wa nyuma haupo. Zile ndege zilizochorwa ubavuni zimebanduka, limebaki bawa moja. Mtu mwingine angelitia kiberiti. Mimi nitalirudisha lilivyokuwa siku baba alipolishusha kwenye lori kutoka Tunduma, na watu wakajaa mgahawani kwetu Makambako kuangalia mashine unayoitumbukizia sarafu ikakupa ndege ya kupigana.

Kinachokosekana ni ile tivii uliyopewa na wazee. Iweke kwenye gari. Kwako haina kazi.

Mama hapa kwangu hajambo, ila macho. Siku hizi akichagua mchele anainua sinia hadi usoni.

Kaka yako,
Ezekia


Makambako,
11 Aprili 2024

Fundi Ezekia,

Viazi vimefika, mwambie mama asante. Barua nayo imefika, kwa bahati mbaya.

Kwanza, sijawahi kukutaja mbele ya mteja. Wateja wangu wana shida za maana. Wewe ndiye uliyetamba, Brayson kaniambia: eti umesema mbele za watu kwamba kile kioo nimekiua, kwamba mwanamke aliyejifunza umeme kwa kukaa miguuni pa baba yake hawezi kuwasha hata tochi. Sawa. Nimesikia na nimeweka.

Pili, acha kusema "tivii". Unajua kama ninavyojua kwamba yangu haikuwa tivii na lako halikuwa kabati. Ilikuwa mashine moja. Baba mdogo Rabson, ambaye mgahawani kwetu hakuwahi kuonekana ila siku ya pilau, alisimama mbele ya ukoo pale Iwawa, ilikohamishiwa mgahawa ulipofungwa, akaanza kuikagua kama ng'ombe wa mnadani. Hapa kuna kioo, basi ni tivii, apewe binti aangalie taarifa ya habari. Hapa kuna mlango, basi ni kabati, apewe mtoto wa kiume aweke nguo. Akachukua nondo, akang'oa. Nyaya zikakatika mbele ya macho yangu. Nikakuangalia wewe, kaka yangu mkubwa, uliyejua kila kitu. Ukaangalia viatu vyako. Mama, mwenye nyumba, akapewa masufuria na kikaango, na wote mkapiga makofi. Chai yenu sikuisubiri.

Halafu hicho ulichokipata kwa kunyamaza ukakifanya kiota cha kuku. Usikatae, Brayson alinionyesha picha. Kuku wa Ezekia wanataga mahali ambapo baba alikuwa akiingiza mkono taratibu, na mimi nikimshikia tochi.

Kioo hakiji huko. Lete sanduku huku, lifungwe na mtu anayeelewa. Baba alinifundisha mimi mashine ile. Wewe alikutuma kuni.

Kwenye gunia kuna sabuni na majani ya chai ya Lupembe. Ni vya mama. Ukivigusa nitajua.

Irine


Njombe,
2 Mei 2024

Irine,

Umemaliza? Haya.

Kuku walikaa humo masika moja, na walikuwa na shukrani kuliko wewe.

Kuhusu viatu vyangu: ulitaka nimnyang'anye baba mdogo nondo, msiba hata haujaanuliwa? Wewe ulipanda gari ukaondoka. Mimi nilibaki na ukoo, nikawapakulia, nikawasindikiza mmoja mmoja. Ni rahisi kuwa shujaa ukiwa na nauli mfukoni.

Kazi inakwenda. Ubavu uliooza nimeutoa, nimeweka paina iliyokaa ikakauka, si zile mbichi zinazouzwa barabarani ambazo zikikaa ndani wiki zinapinda. Nimepiga randa, nimepiga msasa, nimepaka vanishi. Mtu ukiinama unaona sura yako. Mteja mmoja ameingia akauliza bei, hajui hata ni kitu gani. Hiyo ndiyo kazi ya fundi. Nyaya zako nani anaziulizia bei?

Sasa nikuambie jambo la aibu, maana sikutegemea kulikuta. Nimefungua ule ubao wa mbele wenye vifimbo na vitufe vya kuchezea. Upande wa kushoto mna uchafu wa kawaida, jasho na vumbi. Upande wa kulia vitufe vimegandiana kwa unga. Unga wa ngano, Irine! Umekauka ukawa saruji, umeshuka hadi kwenye shina la kifimbo, nimeutoa kwa patasi. Kumbe ndivyo ulivyoupata ubingwa wako wa Makambako, andazi mkono mmoja. Miaka yote watu wanakusifu, na mashine inakula makombo yako.

Mama alikuja akasimama karakanani nikiwa nakwangua. Akaniambia nisikwangue kwa nguvu. Hata leo anakutetea.

Tuma kioo. Sanduku langu halisafiri kwenda kukaa kwenye kibanda cha balbu.

Ezekia


Makambako,
19 Mei 2024

Fundi,

Brayson kanionyesha picha ya kazi yako. Nimeitazama sana, nikaita na jirani wa duka la nguo aitazame, asije mtu akasema nakuonea. Naye kasema ni jeneza.

Limepakwa vanishi ya jeneza. Lina vishikio vya shaba vya jeneza, viwili kila upande. Najua unayatengeneza na najua yanakupa ugali, lakini mkono wako umezoea vibaya. Mashine ya baba ilikuwa nyeusi, na ndege nyekundu ubavuni. Hii ya kwako inasubiri mchungaji tu.

Unga si wangu. Mimi nilisimama kushoto, juu ya kreti la soda, tangu sijafikia vitufe mpaka nimeliacha kreti. Uliza yeyote aliyekula pale mgahawani karibu na stesheni. Kulia ni wewe. Wewe ndiye uliyeyadokoa maandazi ya mama hayajapoa, mimi nikachapwa.

Nina habari, na nakupa ili ujue kilichokupita. Kioo kimewaka.

Flaibaki yake, kile kifaa kinachokipa kioo umeme mkali, ilikuwa imekufa, na za aina ile hazitengenezwi tena. Nimewasumbua mafundi kuanzia Mafinga hadi Mbeya, nimefungua maiti za tivii za chogo ambazo watu wanafugia panya, mpaka nikapata inayofanana. Nimebadilisha kapasita zote. Jumanne nikawasha. Ukatokea mstari mmoja mweupe, mwembamba, katikati. Halafu ukafunguka taratibu, kioo kizima kikawa na mwanga. Nilifunga duka nikakaa chini nikalia. Baba angekuwepo angesema "umeona?" Alikuwa hasemi kingine.

Lakini ni mwanga mtupu. Mchezo wenyewe hauko kwenye kioo wala kwenye jeneza lako. Uko kwenye bodi, lile boksi bapa la bati lililokuwa limefungwa chini kabisa, lenye nyaya nyingi. Bila bodi tuna mwanga na mbao. Wewe ndiye uliyebaki na kila kitu siku ile. Bodi iko wapi?

Irine


Njombe,
30 Mei 2024

Irine,

Vishikio nimevitoa. Si kwa sababu yako. Vilikuwa vinagonga mlango.

Rangi nyeusi nimepaka kwa sababu nilikuwa nayo. Ndege nyekundu amechora kijana wa mabango ya barabarani, nikimsimamia, kwa kufuata lile bawa lililobaki. Ukisema zinafanana na kunguru nitakuelewa, maana hujui kusifu.

Unga si wangu pia. Naapa. Mimi nilisimama kushoto kama wewe, ukitoka naingia. Kifimbo cha kulia baba alituambia kibovu, tusikiguse, umesahau? Nimekifungua chote. Hakina ubovu wowote. Sielewi, na sitaki kuelewa, nina kazi.

Bodi sina. Nimejishusha nikampigia baba mdogo Rabson kumuuliza. Ananijibu kwa ile sauti yake ya mwenyekiti: hakukuwa na bodi, kulikuwa na tivii, kabati na redio mbovu, na kila kimoja kilipata mwenyewe. Mzee anazeeka vibaya. Redio ya baba iliibiwa mgahawani tungali wadogo.

Kwa hiyo bodi unayo wewe. Kibandani kwako kumejaa mabati yenye nyaya, hujui hata ulicho nacho. Itafute, uilete, uache kunisingizia.

Ezekia


Makambako,
3 Juni 2024

Ezekia,

Kichwa chako kimejaa unga wa mbao. Redio mbovu! Boksi la bati, nyaya zinaning'inia, Rabson ameishika mkononi: ungemtegemea aiiteje? Redio ndiyo bodi. Nani aliichukua?

Mimi nilishaondoka. Wewe ulikuwa hapo, ukipakua wali na kusindikiza watu mmoja mmoja, umejisifu mwenyewe. Basi ulimwona aliyeondoka nayo, au ni wewe. Mtu aliyelaza kuku ndani ya mashine ya baba yake hashindwi kuiuza bodi kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ningekuwa nimekuelewa hivyo zamani nisingepoteza macho yangu kwenye flaibaki.

Mimi nililia kwa ajili ya kioo hiki. Sasa najuta.

Irine


Njombe,
8 Juni 2024

Irine,

Sikuuza kitu. Wakati baba mdogo anagawa redio yake mimi nilikuwa nje nikibeba sanduku, peke yangu, maana aliyepaswa kunishikia upande wa pili alikuwa amepanda gari kwa hasira.

Umeniita mwizi, na mwizi haandikiani barua na mtu, kwa hiyo hii ni ya mwisho. Kaa na mwanga wako. Sanduku nitalirudisha nyuma ya karakana, na kuku wakilitaka wamekaribishwa.

Ezekia


Njombe,
10 Juni 2024

Ezekia na Irine,

Barua hii nimeiandika mara mbili, kila mmoja apate yake, msije mkaipasua katikati mkagawana.

Zenu zote nimezisoma. Mlidhani gunia la viazi linajifunga lenyewe? Nimezisoma juani, karatasi ikigusa pua, na nimechoka, si macho tu. Nilizaa watu wawili wenye mikono ya baba yao na midomo ya Rabson.

Brayson hajasikia neno kutoka kwa yeyote kati yenu. Yale aliyowaambia nilimtuma mimi, na alisita, ana adabu kuwashinda. Mtasema mama gani anagombanisha wanawe. Nilisubiri miaka mitatu mlifanye jambo hili kwa upendo. Kuku wakataga humo. Nikaona kwamba ninyi kwa upendo hamwinui hata kijiko, ila kwa kudharauliana mnaweza kujenga reli. Nikawapa mnachokiweza.

Unga ni wangu.

Alfajiri nilikuwa nakanda maandazi, na donge likiwekwa liumuke, mtu unabaki huna kazi. Baba yenu aliniona nimesimama mbele ya ile mashine, mikono myeupe, akatumbukiza sarafu. Yeye kushoto, mimi kulia. Hakuwahi kunishinda, na hakuwahi kuchoka kushindwa. Kila asubuhi, mpaka mlipoamka. Ndiye aliyewaambia kifimbo cha kulia kibovu, ili msikiharibu kwa fujo zenu. Mchana mimi nilikuwa nyuma kwenye moshi, nawasikia watu wanamshangilia Irine bingwa. Bingwa! Ulikuwa unakufa kwenye lile dege kubwa la tatu, kila siku palepale, kwa sababu ya pupa. Nilikuwa nasikia mlio toka jikoni, natikisa kichwa, nageuza andazi.

Siku ya mgawo hakuna aliyeniuliza ninataka nini. Nilipewa masufuria niliyoyanunua mwenyewe. Wewe Ezekia uliangalia viatu, na wewe Irine uliangalia gari. Wote wawili mlikasirika kwa ajili ya mashine, hakuna aliyekasirika kwa mimi kuachwa hivyo. Rabson alipoinua bodi akauliza hii redio mbovu ya nani, nikasema ni yangu. Walicheka, mjane na redio isiyolia. Imekaa miaka yote hiyo imefungwa kwenye kitenge, chini ya nguo zangu, ukuta mmoja na karakana ya Ezekia.

Ningeitoa nimpe nani? Bodi bila kioo ni bati, na kioo kilikuwa kwa mtu asiyetaka kuvuka mlango wa kaka yake hata kuja kumwona mama.

Sasa sikilizeni. Daktari wa macho amesema jicho la kushoto basi. La kulia lina muda, hakusema ni mwingi. Sitalimaliza kwa kuchagua mchele wenu. Nataka kucheza.

Irine, Jumamosi uje na kioo, wewe mwenyewe. Ukimpa Brayson nitakirudisha. Ezekia, utakwenda stendi, utambebea, na kuna neno utamwambia kabla ya yote. Unalijua, na halihusu vishikio.

Mama yenu,
Tabea


Njombe,
2 Julai 2024

Shemeji Rabson,

Salaam. Nasikia Iwawa baridi imekaza na viazi vimeungua kwa umande ulioganda. Poleni.

Nakuandikia kukujulisha kwamba mgawo ulioufanya baada ya kumzika ndugu yako Filemoni nimeutengua. Tivii, kabati na redio vimekutana. Vilikuwa kitu kimoja, kama kila mtu mle ndani alivyojua isipokuwa wewe, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukwambia. Mimi ninao sasa.

Irine alishuka stendi amekipakata kioo, hakutaka hata kushikwa mkono. Ezekia akamwambia neno lake, akiwa ameinamisha kichwa, sauti ndogo kama ya mtoto aliyevunja kikombe. Irine akamjibu vibaya. Halafu wakakibeba wote wawili mpaka nyumbani. Siku nzima walitukanana wakiunganisha nyaya, huyu anasema tundu limetobolewa kwa meno, huyu anasema waya umefungwa na kipofu, nami nikajua kazi inakwenda vizuri.

Walipowasha ukatoka ule mlio wa mwanzo. Nilishika mlango, shemeji. Nililia mbele yao na sikuficha uso. Ezekia akatumbukiza sarafu, nikasimama mahali pangu.

Jicho linaziona zile ndege kama punje za ufuta, lakini mkono haujasahau. Ezekia hakumaliza hata mzunguko mmoja, akarudi kwenye mbao zake. Irine alikaza. Alifika mbali, akapita hata lile dege lililokuwa likimuua utotoni, kisha nikaona mkono wake unalegea kwa makusudi. Nikamwambia aache huruma, sikumwita aje kunionea huruma. Akaacha. Nikamshinda hata hivyo, na nilifurahi mpaka nikaona haya. Kisha nikageuka kushoto, ndugu yako hakuwepo kunicheka, na hilo liliniuma kuliko siku ya kaburi.

Kesho yake nimewakalisha nikagawa upya, Brayson akiwa shahidi. Mashine ni yangu. Ezekia nimempa masufuria. Irine nimempa kikaango. Wote wawili wamepiga makofi, kama ulivyotufundisha.

Wewe hukupata kitu, na sitaki useme umedhulumiwa. Kama bado unahitaji tivii ya kuangalia taarifa ya habari, karibu Njombe, jicho langu likiwa bado lipo. Sarafu nitakutumbukizia mwenyewe. Utasimama kushoto, aliposimama ndugu yako, na utashindwa kama yeye. Kulia ni kwangu.

Shemeji yako,
Tabea